Dom Pérignon hakugundua shampeni

Hii stori kwamba mtawa Dom Pérignon ndo aligundua shampeni, ule mvinyo wa mapovu wa mkoa wa Champagne, Ufaransa, eti akaonja akawaita wenzake waje waone anakunywa nyota, imezunguka miaka mingi ila sio kweli. Mwenyewe alikuwepo kweli, alifika abasia (nyumba ya watawa) ya Hautvillers huko huko Champagne 1668 akasimamia mvinyo wao mpaka akafa 1715, lakini mapovu kwake yalikuwa shida, maana baridi ya Champagne ilikuwa inasimamisha mvinyo usiendelee kuchachuka halafu joto likirudi unachachuka tena ndani ya chupa, gesi inajaa, chupa zinapasuka. Tena 1662 huko London, mwanasayansi Christopher Merret alishaeleza watu wanavyoongeza sukari ili mvinyo utoe mapovu, na Waingereza walikuwa na chupa ngumu za kuhimili presha. Sifa nyingi za huyu mtawa zilikuja kukuzwa baadae, hasa na barua ya 1821 ya Dom Grossard, aliyekuwa mtawa wa abasia hiyo hiyo. Anachostahili kusifiwa ni ufundi wake wa kuchanganya zabibu za mashamba tofauti, na hilo sio dogo hata kidogo. Mi naona wakulima wenyewe ndo wanasahaulika, ukiona herufi RM kwenye lebo ujue aliyelima zabibu ndo katengeneza shampeni yenyewe, kama kina Selosse, familia ya wakulima wa pale kijiji cha Avize.