Kiti cha Waladini si mali ya chama chao

Bonde la Fassa, kaskazini mwa Italia, lina chama kidogo cha Waladini, watu wachache wenye lugha yao ya Kiladini, kiitwacho Union Autonomista Ladina. Watu wengi huamini kuwa kiti cha Waladini katika Baraza la Mkoa wa Trento, lenye viti 35, ni haki ya chama hicho. Sivyo.

Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mamlaka ya Ndani ya Trentino-Alto Adige, jimbo linalojumuisha mikoa ya Trento na Bolzano, kinatenga kiti hicho kwa eneo la manispaa za bonde hilo: Moena, Soraga, Sèn Jan, Mazzin, Campitello na Canazei. Hakitaji chama. Aliyezaliwa Napoli akahamia Canazei na kuandikishwa huko hupiga kura sawa na bibi aliyekulia kwenye Kiladini. Ndiyo maana mwaka 2018 kiti kilikwenda kwa Luca Guglielmi wa kundi pinzani liitwalo Fassa, na Union Autonomista Ladina ikatoka mikono mitupu.

Wengi huchanganya na mkoa jirani wa Bolzano. Huko kinachohesabika ni mtu, si eneo: mgombea hutamka rasmi kundi lake la lugha. Daniel Alfreider, Mladini, aliingia mwaka huohuo wa 2018 kupitia SVP, chama kikubwa cha wasemao Kijerumani.