Mahindi Kibaigwa: kilo hupotea kabla ya kufika mizani

Makao makuu ya Wilaya ya Kongwa yako Kongwa mjini, lakini mahindi yenyewe huuzwa Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro. Mzigo hutoka vijiji vya jirani, na mwingine hushuka kutoka Kiteto. Wakulima wengi humlaumu dalali kwa bei. Mimi huanza kuuliza habari za unyevu.

Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 100 lenye asilimia 18, likikauka hadi hapo, hubaki na kilo 95 hivi. Kwa hiyo mnunuzi akikukata kilo 5 hajakuonea. Akikata 10, amekula 5 zako, na bila kipimo huna la kumjibu.

Huna mashine ya kupima unyevu? Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa na chumvi uliyoikausha motoni ikapoa. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya 15, jambo ambalo si sawa na 13.5, kwa hiyo anika tena siku moja au mbili za jua kali. Anika juu ya turubai. Kwenye udongo mtupu mahindi hunyonya unyevu usiku na kuokota vimelea vya ukungu vinavyotengeneza sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, ndiyo maana punje zilizooza, kuvunjika au kubadilika rangi hutolewa kwa mkono kabla ya kupakia.

Kwenye kipimo, kataa debe. Debe la lita 20 likifutwa sawa na ukingo hubeba kilo 15 hivi za mahindi makavu. Likijazwa kilima huongeza kilo 2 au 3, na kilima hicho hakilipwi. Lumbesa ni mchezo huohuo kwa gunia. Dai mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, iliyokaa mahali tambarare, ikisoma sifuri kabla ya gunia kupanda. Halafu simama wewe pale pembeni. Ukimwachia kuli asome ataisoma anavyojua.

Ushuru wa mazao wa halmashauri kisheria hudaiwa mnunuzi. Ukiona umekatwa kwenye malipo yako, omba risiti ya mashine ya POS uone imeandikwa jina la nani.

Anayengoja bei ipande atumie mifuko ya kinga njaa: mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa kawaida, kila mmoja ukifungwa peke yake baada ya kukamuliwa hewa. Usitie dawa, kwa sababu wadudu kama fukusi na dumuzi watamaliza oksijeni wenyewe na kufa. Panga juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani. Panya akitoboa tundu moja tu hewa inarudi, na kufungua mara kwa mara kuchota ya ugali huleta hasara ileile, hivyo mahindi ya kula yatengee mfuko wake.