Ubawa wa mshale haupaishi kitu

Ilikuwa mishale ya saa nne asubuhi (na neno lenyewe linisamehe) kwenye kibanda kimoja cha vinyago kando ya barabara. Kijana muuzaji alikuwa ameshika mshale uliobandikwa manyoya ya kuku kwenye tako lake, yametiwa rangi nyekundu, mororo kama ya kujazia mto wa kulalia. Akawa anamweleza mgeni kwamba hayo manyoya ndiyo mabawa yanayoupaisha mshale ufike mbali. Mgeni akaitikia, akalipa, akaondoka na mshale wake.

Sikusema kitu, biashara ya mtu si pa kuingilia. Ila maelezo hayohayo nimeshayasikia kwa mwalimu wa sayansi, nikayasikia redioni, nikayasikia hata kwa mjomba wangu, ambaye ujanani aliwinda kanga kwa upinde wa kweli na kwa hiyo hana kisingizio.

Ubawa wa mshale, wingi wake mbawa, ni kile kibapa chembamba kinachofungwa nyuma ya mshale, karibu na pengo linalokaa kwenye upote, yaani kamba ya upinde. Mara nyingi huwa zimefungwa tatu kuuzunguka mti, wakati mwingine mbili au nne. Kazi yake ni kuushika mkia wa mshale ubaki nyuma. Maana ni hiyo. Kinachonikera ni maneno.

Kiswahili si maskini katika jambo hili. Mti wa mshale ni wano. Chuma cha mbele ni kigumba, au chembe. Mkoba wake ni podo, wengine husema ziaka. Upinde wenyewe ulikuwa na jina la uta kabla ya hili tulilolitoa kwenye kitendo cha kupinda. Hata mshale una jina kongwe, mvi, lililofunikwa na mvi za kichwani mpaka likasahaulika, ingawa Wachewa wa Malawi mpaka leo husema muvi, na Wakikuyu husema mũgwĩ, shina likiwa moja. Lugha iliyoipa kila sehemu ya silaha hii jina lake haiwezi kuwa iliiacha sehemu ya nyuma iitwe manyoya tu, kana kwamba mshale ni kondoo.

Maana ndivyo lilivyo neno manyoya: ni kapu. Kondoo ana manyoya, paka ana manyoya, kifaranga aliyeanguliwa jana ana manyoya. Kuku tunamnyonyoa, na kinachobaki kwenye beseni, kikubwa kwa kidogo, chote ni manyoya. Ukimtuma mtoto akuletee manyoya ya kuwekea mshale atakuletea konzi ya vitu laini vya kifuani, na hutakuwa na haki ya kumgombeza.

Bawa ni kiungo kizima, pamoja na mfupa na misuli yake, kile ambacho ndege hupigia hewa. Sasa livike shina hilohilo kiambishi u- uone linavyopungua unene: unywele mmoja katika nywele, ufito mmoja katika fito, unyasi mmoja katika nyasi. Ubawa nao, kwa sikio langu, ni kipande kimoja kirefu na chembamba kilichochomolewa katika bawa. Najua leo mbawa na mabawa huchanganywa bila mtu kujali, na mshairi akitaka vina atachukua lolote. Simfungi mtu. Nasema tu kwamba tofauti ipo mkononi mwetu, tena ni ya bure, na tukiitupa tunaishia kusema mshale una mabawa. Ukishasema una mabawa, kinachofuata ni kudhani unaruka kwa hayo mabawa.

Unyoya ni kitu; ubawa wa mshale ni kazi. Ndani ya msitu wa Ituri, huko Kongo, Wambuti huchana nyuma ya mshale wao mwembamba wa sumu na kupachika kipande cha jani. Jani hilo ni ubawa wa mshale, na halijawahi kuota kwa ndege yeyote. Vipande vya plastiki kwenye mishale ya michezo ya Olimpiki navyo ni mbawa. Kwa hiyo mtu akiniambia manyoya ya plastiki ninaumwa jino, bali akisema mbawa za plastiki hakuna aliyeumia.

Halafu wapo wasioweka chochote. Wasani wa Kalahari hutumia mishale myepesi ya matete, kwa kawaida bila ubawa, na huilenga kutoka karibu, kazi kubwa wakiiachia sumu ya viluwiluwi vya mbawakawa. Huko Papua kuna mishale mirefu sana isiyo na unyoya hata mmoja. Urefu na uzito wa mbele huifanya inyooke. Kama manyoya ndiyo yanayopaisha, hiyo yote ingeanguka miguuni mwa mpigaji.

Anayeupaisha mshale ni upinde, basi. Upote ukishauachia, hakuna kingine kinachouongezea nguvu njiani, na ubawa ndio kwanza unaipunguza. Kila aliyekulia Pwani ameshaliona jambo hili bila kulipa jina. Mtoto anatengeneza kishada, wengine mnaita tiara, anakirusha bila mkia. Kinazunguka kama kilichopandwa na mashetani, kinajipigiza chini. Akikifunga utepe wa kitambaa nyuma kinatulia. Utepe haukukipa nguvu ya kupanda. Umekizuia kwa nyuma tu, na kuzuiwa huko ndiko kulikokinyoosha.

Mshale ni vilevile. Uzito uko mbele kwenye kigumba. Mkia ukitaka kuyumba upande, ubawa unakutana na hewa ubapa kwa ubapa, hewa inausukuma urudi mahali pake. Na mkia huyumba kila mara, kwa sababu upote unapousukuma mshale wano hupinda kidogo, likipishana na mti wa upinde kwa mwendo wa nyoka, na ubawa ndio unaolituliza. Wawindaji wa ndege wanaorusha mshale kuelekea juu huweka mbawa kubwa makusudi, pana na zilizotimka, ili mshale ukikosa uchoke upesi na kuanguka karibu, usipotee kichakani. Mbawa kubwa, safari fupi! Hapo ndipo mjomba alipokosa jibu, akaniuliza kama nimekula.

Si kila unyoya basi unaofaa kuwa ubawa. Ule wa kifuani ni mororo kwa sababu nyuzi zake hazishikamani. Kila mmoja umelala kivyake, ndiyo maana unamtia ndege joto. Wa kwenye bawa una vijindoana vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoshikana uzi kwa uzi mpaka vinatengeneza kitambaa kimoja. Ukipasuka, upitishe kati ya vidole kutoka shinani kwenda nchani, utafunga tena kama zipu. Ndiyo sababu ubawa wa unyoya hulala unapougusa mkono au upinde, kisha ukainuka wenyewe. Plastiki haina adabu hiyo, na anayeitumia hulazimika kuutafutia mshale kiegemeo usikwaruze upinde.

Chagua zile ndefu, zinazoota kwenye kipapatio na nyuma yake. Zina upande mwembamba unaotangulia kwenye upepo na upande mpana unaofuata. Upande mpana ndio tunaoutaka. Ule mti wa katikati hupasuliwa kwa urefu, ukakwanguliwa ndani mpaka ukalala sawa juu ya wano, na huachwa ncha mbili tupu, mbele na nyuma, za kufungia kwa ukano uliolowanishwa. Ukikauka hujikaza wenyewe. Wengine huongeza ulimbo au gundi ya mti.

Na hapa kuna kosa ambalo hata wenye mikono mizuri hulifanya. Mbawa za bawa la kulia na za kushoto hujipinda kinyume. Kwenye mshale mmoja zote zitoke upande mmoja, maana mpindo huo ndio unaouzungusha mshale njiani. Ukichanganya, moja inauzungusha huku na nyingine kule. Kulia au kushoto haina ubora, mradi zisichanganyike. Kuzijua ni rahisi: laza ubawa, ile pande ya shina yenye mfereji ikae chini, kishikio kikuelekee wewe. Upana ukiwa kuliani kwako, umetoka bawa la kulia. Na kwa kuwa ndege wengi hupukutisha mbawa zao jozi kwa jozi, moja huku na moja kule, mwokotaji lazima azitenge kwanza kabla ya kushika kisu.

Ufundi huu ni wa kale kuliko vijiji vingi. Yule mtu wa barafu, ambaye maiti yake iliyoganda ilionekana mwaka 1991 kwenye milima ya Alpi, mpakani mwa Austria na Italia, amekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita akiwa na mishale 14 kwenye podo lake. Miwili tu ndiyo iliyokuwa imekamilika, kila mmoja na mbawa zake tatu zilizogandishwa kwa lami ya magome ya mti na kuzungushiwa uzi mwembamba. Ile 12 mingine ilikuwa mawano yanayosubiri fundi.

Neno moja la pembeni kwa atakayetamani kujaribu. Wawindaji wetu wengi wamesifu unyoya wa tai, na ni kweli ni mgumu na mrefu. Lakini mwaka 2015 aina nne za tai wala mizoga wa Afrika ziliingizwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na kwa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inauhesabu hata unyoya wa ndege wa porini kuwa nyara. Kukutwa na nyara bila kibali ni kesi, hata ukiapa kwamba uliuokota chini ya mbuyu. Bata mzinga wa kufugwa anatosha, na wapiga mishale wa Ulaya na Marekani wanaotumia unyoya wamemtegemea yeye kwa miaka mingi. Bata bukini pia. Jogoo mkubwa, kwa mshale mwepesi, si haba.

Sasa, mdogo wangu wa pale kibandani, maelezo yako yamekaribia, ni ya kurekebishwa tu. Kesho mgeni akikuuliza, usimwambie haya manyoya ni mabawa yanayoupaisha mshale. Mwambie hizi ni mbawa, zinaushika mkia usitangulie kichwa. Halafu zile nyekundu za kifuani zitoe, weka tatu za bawa moja. Bei usiipunguze.