Kima punju haui miti

Tangu zamani Unguja husemwa kwamba kima punju ana sumu: mti anaoula hukauka, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Si kweli. Mnyama huyu, ambaye asili yake ni Unguja pekee duniani, hana sumu yoyote.

Ukali umo kwenye chakula chake. Majani ya miembe na mikungu yana kemikali zinazozuia protini isisagike vizuri tumboni. Basi kima wanaolisha kwenye mashamba ya jirani na msitu wa Jozani hutafuna mkaa, nao huzinyonya kemikali hizo. Watoto hujifunza kwa kuwaiga mama zao. Kwangu hilo ni jambo la kustaajabisha kuliko uvumi wote.

Na minazi? Vidaka, yaani nazi changa, wanakula, ndiyo. Ila watafiti waliochunguza mashamba hayo miaka ya 1990 hawakuona mavuno kupungua. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi.

Wanaokufa ni kima wenyewe, kwa kukatiwa misitu na kugongwa na magari. Matuta yalipowekwa kwenye barabara ya Jozani, vifo vilipungua. Madereva, tafadhalini, pale punguzeni mwendo.