Habari Potofu za Kigeni Zenye Sauti ya Mwenyeji

Wapiga kura wengi wa Kigoma wanaamini kwamba habari iliyotungwa na watu wa nje ili kuvuruga uchaguzi itajulikana tu, ama kwa lafudhi, ama kwa Kiswahili kibovu. Imani hiyo inatutia wasiwasi kuliko habari zenyewe.

Oktoba 2019, Facebook ilifunga mitandao ya akaunti na kurasa iliyohusishwa na mfanyabiashara wa Urusi, Yevgeny Prigozhin, ambaye mwaka 2023 alikiri kuwa ndiye mwanzilishi wa kituo cha kusambaza uongo mtandaoni, cha St. Petersburg, Urusi, kilichoingilia uchaguzi wa Marekani wa 2016. Mitandao hiyo ililenga nchi 8 za Afrika, ikiwemo Kongo, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na pamoja na akaunti bandia zilitumika akaunti halisi za wenyeji wa Madagaska na Msumbiji. Msomaji aliona jina la mtu wa kwao, wala hakuwa na sababu ya kushuku.

Mkoani kwetu hatari hiyo inaongezeka kwa sababu ya lugha. Kiswahili tunakitumia pamoja na Wakongo na Wakenya, na Kirundi kinakaribiana mno na Kiha, hivyo sauti iliyorekodiwa Burundi kuhusu kura za huko ikifika Kasulu bila tarehe wala mahali, msikilizaji anaweza kuamini kwamba inazungumzia kituo cha jirani.

Muda nao huchaguliwa. Nchini Slovakia, Septemba 2023, siku mbili kabla ya kura ilisambaa sauti ya kughushi, iliyotengenezwa kwa akili mnemba, ya kiongozi wa chama kimoja cha siasa, Michal Šimečka, akipanga wizi wa kura, wakati ambapo sheria ilikuwa imekwisha kusimamisha kampeni na nafasi ya kuikanusha ilikuwa finyu.

Ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili umepita mikono mingi, kwa hiyo aliyekutumia, hata akiwa shemeji yako, huenda hajui ulikotoka. Muulize kabla ya kuusambaza. Madai kuhusu matokeo yalinganishwe na fomu inayobandikwa kituoni. Aliyekwisha kusambaza uongo aandike masahihisho katika kundi lilelile, kwa kuwa kuufuta kimyakimya hakuwafikii waliokwisha kuupeleka kwingine.