Saketi Iko Sawa, Chaja Je?

Msimu wa miradi ya mwisho vyuoni umefika, na mezani kwetu vimeanza kupangwa tena vifaa vya kusoma umeme wa moyo vilivyojengwa kwa AD8232. Ni chipu nzuri ya Analog Devices: inatumia volti 2 hadi 3.5, inakuza ishara mara 100, na inakujulisha elektrodi (kibandiko cha kupokea umeme wa mwili) ikibanduka. Saketi nyingi tunazoletewa ziko sawa. Tatizo ni kule zinakochomekwa.

Utetezi ni uleule: "Ni volti 3.3 tu, haiwezi kumdhuru mtu." Tumechoka kuusikia. Volti hizo zinatoka kwenye USB ya kompyuta mpakato, kompyuta iko kwenye chaja, chaja iko kwenye volti 230. Chaja ya bei chee ikifa vibaya, aliyebandikwa elektrodi ndiye anakuwa njia ya umeme, na ile jeli ya elektrodi imeshapunguza ukinzani wa ngozi uliokuwa ukimkinga.

Dalili wanaiona wenyewe. Grafu inaota vinyweleo, 50 kila sekunde; wakichomoa chaja inatulia. Kwenye ripoti wanaandika "kelele zimeondolewa". Kelele gani? Huo ni umeme wa ukutani, unaopiga mara 50 kwa sekunde, umeshafika mwilini mwa mwenzao.

Kwa hiyo: betri, na data zitumwe kwa Bluetooth. Waya mbili za kupima ziwe na rezista (vipunguza mkondo) za kilohomu 180, ya tatu inayorudisha ishara mwilini iwe na 360, ili mkondo usifike mikroampea 10 hata chipu ikiungua. Rezista hizo zisikupe kiburi mbele ya chaja: gawanya 230 kwa 180,000, utapata karibu miliampea 1.3.

Sisi tunapima mkondo unaovuja kwa IEC 60601-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vya umeme, aina ya BF, yaani vinavyogusa mwili lakini si moyo moja kwa moja. Tunapima kawaida, tunageuza laini na nyutro, tunapima tena: mwisho mikroampea 100. Kisha tunakata ethi (waya wa ardhini) na kurudia yote: mwisho 500.

Kumbandika mtu elektrodi kwa utafiti kunahitaji kibali cha maadili, na kumuuzia mwenye zahanati ni suala la usajili TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, hata kama boksi limeandikwa "kwa elimu tu".

Kifaa kitakacholetwa na chaja bila betri hakitapimwa. Kitarudishwa pamoja na fomu yake, na foleni utaanza upya.