Mafuta ya mwili na kinga: kwa nini "una afya" si sifa kila mara

Kwetu mtu akinenepa huambiwa, "Siku hizi una afya." Mama mmoja alikuja kwangu mara ya tatu na majipu ya kwapani, na nilipogusia uzito wake akaniuliza, "Daktari, kwani mwili si ndiyo kinga yenyewe?" Swali lake lina mizizi. Wazee waliona njaa na kifua kikuu vikiwamaliza waliokonda, na ni kweli kukonda kupita kiasi hudhoofisha kinga. Unene uliopitiliza nao huidhoofisha, ila kwa njia yake.

Kwa miaka mingi hata sisi madaktari tuliyahesabu mafuta kuwa ghala tu. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF, protini ambayo mwili huitumia kupiga mbiu ya hatari, na kwamba protini hiyo huizuia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, isifanye kazi. Mwaka 2003 likajulikana jambo lililonishangaza zaidi: mafuta ya mtu mnene yamejaa makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu na mizoga ya seli. Kwa mwembamba hazifiki hata 1 katika kila seli 10 za tishu hiyo. Kwa mnene sana zinaweza kukaribia 4.

Zimefuata nini huko? Seli ya mafuta ikijaa mno, oksijeni haiifikii vizuri, na nyingine hufa. Makrofaji huizunguka iliyokufa, huila, na huku zinaendelea kuita wenzao. Jeraha la kawaida huvimba, huuma, kisha hupoa. Huu ni moto wa pumba: huoni ndimi, lakini unafuka chini kwa chini miaka na miaka. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka utumbo na ini, ndiyo mabaya kuliko ya mapajani.

Kinga inayopigiwa mbiu kila siku hulegea siku adui anapokuja kweli. Sukari ikipanda kwa sababu insulini imezuiwa, chembe nyeupe za damu huwa nzito kukimbilia bakteria, na vidonda huchelewa kupona. Katika mlipuko wa homa ya mafua ya H1N1 mwaka 2009, wanene walizidiwa zaidi, na tuliyaona tena kwenye UVIKO-19.

Chanjo nazo huguswa. Tangu 1985 ilijulikana kwamba wanene hutengeneza kingamwili chache, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, baada ya chanjo ya homa ya ini B. Hiyo si sababu ya kukwepa chanjo. Aliye hatarini zaidi ndiye anayeihitaji zaidi. Ila wauguzi wenzangu, tafadhalini, kwa mwenye mkono mnene chukueni sindano ndefu. Fupi huishia kwenye mafuta, na dawa haifiki kwenye msuli.

Yule mama tulimpima sukari siku ile ile. Ilikuwa juu, naye hakujua. Tulianza na dawa, tukaondoa soda mbili za kila siku, akaanza kutembea kwenda sokoni badala ya kupanda bodaboda. Amepungua kilo 7 na majipu hayajarudi. Kinachomsumbua sasa ni majirani, wanaomvuta pembeni na kumuuliza anaumwa nini.